Mbuzi wa Lusenge

Butembo, 10/08/2025

Shangazi Virginie mpendwa,

Nakusalimu wewe, mume wako Papa Fadhili na binti yenu dada Hawa. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba dereva Idi hakuikalia ndani ya kabini ya lori lake la Fuso kama ile ya Pasaka, ambayo ulisema ilifika ikinuka mafuta ya mawese.

Sisi hapa Butembo tuko wazima. Mvua imeanza mapema na Mama amekwisha kupanda maharagi nyuma ya nyumba. Papa anakohoa juu ya vumbi la depo lakini hataki kuonana na munganga wa hospitali. Babu anatembea na fimbo sasa. Anasema fimbo ndiyo inamtembeza, yeye anaifuata tu.

Nimepata diplome yangu, Shangazi! Matokeo yalipotoka, wenzangu walinimwagia unga na poda mpaka nikafanana na andazi. Wao walipiga kelele barabara nzima, wakaimba mpaka kwenye mzunguko wa magari. Mimi nilijificha nyuma ya Mama. Nilifurahi sana, lakini furaha yangu ilikuwa ndani.

Sasa nieleze kilichonifanya nichukue kalamu. Papa alisema nisikae bure, nimsaidie kupanga bidhaa ndani ya depo ya Babu. Nyuma ya mifuko, kwenye pembe ile ambayo hakuna mtu anafagia, nilikuta foni ya zamani, ile redio kubwa ya kuongea na watu wa mbali, na kando yake kisanduku cha chuma cha rangi ya majivu. Ni kidogo kama Biblia, kina vitaa vitano mbele na waya mnene nyuma. Juu yake mtu amebandika karatasi iliyoandikwa na kalamu ya bic: HAPANA KUGUSA. V.

Nilijua ile V ni yako.

Babu aliingia akanikuta nimekishika. Alikichukua, akakipangusa na mkono wa koti lake, lile la bluu analovaa siku zote, akakiweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Akasema: “Uyu ni mbuzi.”

“Mbuzi gani, Babu?”

Alinirudishia, akatoka polepole. Mgongo wake ulikuwa unatikisika na sijui kama alikuwa anacheka. Nilimuuliza Papa. Akasema: “Miye nilikuwa mutoto wa kufunguliya bageni mulango. Uliza shangazi yako, yeye ndiye alikuwa anachunga uyo mbuzi.” Kisha akaangalia mlangoni, juu unajua jina lako halitajwi sana katika nyumba hii.

Basi nakuuliza. Ningepiga simu, lakini unanijua: nikishika simu, maneno yote yananikimbia.

Mimi binti yako,
Ornella Masika

Kuna jambo lingine pia. Si la leo.


Beni, 24/08/2025

Masika mwenzangu,

Nikikuita hivyo najiita mwenyewe, juu wewe na mimi tulizaliwa mabinti wa kwanza na jina letu ni moja. Amani kwako na kwa wote wa hapo nyumbani. Tulipopata habari ya diplome, Papa yako Fadhili alitoka mpaka barabarani kuwaambia watu wa pikipiki, ambao hawakujui hata kidogo, na wakapiga honi. Hawa anasema atakushonea nguo. Usikubali kabla ya kuona alichonishonea mimi. Huku kakao imeanza kuingia kutoka upande wa Oicha, mji mzima unanuka uchachu wake, na Idi anapakia mifuko tangu asubuhi. Ndiyo sababu barua yangu imekawia.

Usiombe msamaha juu ya simu. Mimi pia sipendi. Nilifanya kazi kwenye foni nikiwa karibu na umri wako, na kwenye foni kila neno lako linasikiwa na kila mtu mwenye foni. Ukisema tumbo linakuuma, mtu wa mbali kule Alimbongo anakuambia dawa. Toka wakati ule, jambo la maana naliandika.

Kisanduku chako ni modemu. Nitakueleza.

Kabla simu za mkononi hazijafika, baba, yaani Babu yako, alikuwa anaagiza vitambaa na vyombo kutoka mbali. Akienda Kampala, alikuwa anamwona rafiki yake akitumia kompyuta iliyounganishwa na kamba ya simu. Ilipiga kelele kidogo, kisha barua zikaingia. Baba alirudi hatulii. Alitaka yake. Lakini Butembo ilikuwa wapi na kamba ya simu? Basi mafundi wakamwambia: kamba hakuna, lakini hewa iko. Wakaleta modemu ambayo unafunga upande mmoja kwenye kompyuta na upande mwingine kwenye foni. Ukiandika barua, modemu inaigeuza kuwa sauti, foni inairusha, na kule Kampala modemu nyingine inaisikia na kuigeuza tena kuwa maandishi. Kompyuta ilikaa saloni, chumba cha kupokea wageni, chini ya kitambaa cha mama cha kushona na sindano, kama mgeni wa heshima. Watu walikuja kuisalimia. Baba alinipa kazi hiyo mimi, juu nilikuwa na haya ya kuuza dukani.

Na sauti yenyewe, Masika! Haikuwa wimbo. Ilikuwa mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Analia kidogo, ananyamaza, kwa mbali sana mwingine anamjibu kifupi, analia tena. Yule wa mbali alikuwa anasema “nimepata.” Kama hakupata, hakujibu, na modemu yetu ilirudia kipande kilekile. Mara mbili, mara kumi. Haikasiriki, haioni haya. Inarudia mpaka ijibiwe.

Lakini foni ilikuwa ya watu wote. Mtu mmoja akiongea katikati, barua inakufa. Kwa hiyo kulikuwa na desturi. Nilikuwa nabonyeza kifungo na kuuliza: “Kuna mutu ana neno?” Mwenye neno alilisema. Kama hakuna aliyejibu, njia iko wazi, nami napitisha. Watu wote, Oicha, Alimbongo, Kanyabayonga, walinyamaza na kusikiliza mbuzi akilia. Kulikuwa na Abdias mmoja wa Kanyabayonga, sauti kama ya ngoma. Kila siku nikimaliza alisema, akitaja jina la baba: “Lusenge, chinja uyo mbuzi tukule!”

Ndiyo hivyo jina lilivyokuja.

Kisanduku chako kikaushe juani kabla ya kukigusa na umeme. Usitumie maji. Nisalimie mama yako na baba yako, mdogo wangu Mathe.

Shangazi yako,
Virginie


Butembo, 07/09/2025

Shangazi mpendwa,

Mungu awe amewalinda. Sisi tunaendelea vizuri. Mama alivuna matunda ya kwanza ya marakuja na nimempa Idi kikapu chenu. Kama kimefika nusu, ujue nani alikula. Nilimwambia asile. Akasema: “Weye dada unasema pole-pole hivi, mutu atakuogopa namna gani?”

Barua yako niliisoma mara nyingi, mara moja nikiwa juu ya mti wa avoka ili nisisumbuliwe. Niliacha modemu juani siku tatu. Nilisugua meno ya waya na bic iliyokwisha na kitambaa kikavu. Papa alinipa betri ya gari. Nilipounganisha, kitaa kimoja kiliwaka, chekundu. Kimoja tu, Shangazi, lakini niliruka! Foni pia inawaka na inavuma. Kompyuta ndiyo imekufa. Nilipoifungua, panya walikuwa wamefanya kitanda ndani.

Babu alikuwa amesimama mlangoni na mimi sikujua. Alisema: “Antena ilikuwa inaenda mpaka kwa ule mukaratusi.” Akaonyesha mti na fimbo. Maneno hayo ndiyo mengi aliyonipa wiki nzima. Nilimwambia kwamba ni wewe uliyenifundisha kusafisha. Lakini hakutoka.

Nina swali. Umeandika kwamba barua zilienda Kampala. Lakini umetaja Oicha ya kwanza, mbele ya Alimbongo. Oicha nao walikuwa na mbuzi?

Sasa lile jambo lingine. Nimelizungusha kichwani tangu matokeo. Nataka kujifunza mambo ya reso: antena, waya, namna mashine zinavyosikiana. Huko Beni kuna shule kubwa inayofundisha hivyo, na najua Papa Fadhili anafunga antena kwenye hospitali na depo za kakao. Ningesoma asubuhi na kumshikia ngazi mchana. Ningelala kwenu, kama kuna nafasi, hata chini. Majina yanaandikwa mpaka wiki ya kwanza ya Novemba.

Nilimwambia Papa. Alikuna kichwa. “Miye sina shida. Lakini nyumba ni ya Babu. Umuulize yeye.” Nikamuuliza: kumwambia Babu kwamba nataka kwenda kukaa kwako? Akasema: “Ndiyo iyo, mama. Iyo yenyewe.”

Sijamuuliza bado. Darasani, nikiitwa ubaoni, nilikuwa naandika jibu vizuri na kukaa chini bila kulisoma. Babu hana ubao.

Ornella wako


Beni, 28/09/2025

Masika,

Salamu nyingi. Idi alikwama kwenye matope siku mbili na barua yako ilikwama pamoja naye. Kikapu kilifika robo. Anaapa ni nyani.

Nafasi iko. Hawa amekwisha kusogeza kitanda chake ukutani na amepima mahali pa chako kwa miguu. Papa yako Fadhili anasema hana haja ya mtu wa kushika ngazi, ana haja ya mtu wa kupanda, juu magoti yake yamechoka. Kwa hiyo huku njia ni wazi. Inabaki huko.

Umesoma barua yangu kama fundi, umeona waya uliolegea. Ndiyo, Oicha walikuwa na mbuzi.

Kulikuwa na mnunuzi wa kahawa pale, na mpwa wake ndiye alikuwa kwenye foni. Alikuwa amepata modemu kama yetu. Siku ya kwanza tulijaribu tu kama zinasikiana. Niliandika: “Jaribio. Jaribio.” Akajibu: “Nimepata. Uyu anaandika ni mutu ao ni mashini?” Nikaandika: “Ni mutu, lakini ana haya.” Ilipita muda mrefu, nikaona labda hewa ni mbaya. Kisha ikaingia: “Miye pia.”

Kwa sauti tulikuwa wageni. “Oicha, Oicha, hapa Butembo, unanisikia namna gani?” “Ninakusikia muzuri, Butembo.” Watu wote walisikia hayo tu. Kisha mimi: “Kuna mutu ana neno?” Kimya. Na kutoka Kanyabayonga mpaka Oicha watu wenye kazi zao walifunga midomo, wakidhani tunaagiza sukari, na kusikiliza mbuzi wawili wakiambiana mambo ambayo mpaka leo siwezi kukuandikia. Mwaka mzima na zaidi. Yule kijana ndiye Papa yako Fadhili. Ananisoma begani sasa hivi, anasema niandike kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haya kuliko mimi. Si kweli.

Yanayofuata sikutaka kuandika. Naandika juu unakwenda kuuliza.

Nilimwambia baba siku ya Mungu, Jumapili ile, kiisha misa, tukinywa chai. Kwa sauti yangu, mbele ya mama na Mathe. Kwamba kuna kijana wa Oicha, Muislamu, mtu wa kazi, na wazee wake wanataka kuja. Nilipomaliza, sikujua namna ya kufunga maneno. Nikauliza vile nilivyozoea: “Kuna mutu ana neno?”

Baba aliangalia kikombe. Hakusema kitu. Alisimama, akatoka nje, na hakurudi mpaka jioni.

Mwanaume anayekubali anacheka, ao anauliza wazee ni wa nani. Mimi niliona ile ni hapana kubwa kuliko ya mdomo. Sikutaka kuisikia mara ya pili. Nilikwenda kwa mjomba wangu, ndugu ya mama. Wazee wa Fadhili walifikia kwake na ndoa tulifunga Beni. Baba na mimi tunasalimiana kwenye maziko kama watu wa parokia moja. Safari ya Beni mpaka Butembo unaimaliza kabla chai haijapoa, na mimi sijavuka mlango ule.

Muulize. Lakini usiweke jina langu mbele. Sema shule kwanza.

Virginie


Butembo, 05/10/2025

Shangazi,

Nawasalimu wote. Hapa wazima.

Nimemuuliza. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na depo, anamenya viazi pamoja na Mama. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa kichwa tangu asubuhi. Nilisema shule kwanza, vile uliniambia. Kisha nilisema Beni. Kisha ilibidi niseme nyumba ya nani.

Hakusema neno. Alimaliza kiazi alichokuwa ameshika, akakitia ndani ya sufuria. Akachukua fimbo na kwenda upande wa mukaratusi.

Mama alinishika mkono. Nililia kidogo, si sana. Sasa najua vile ulivyosikia siku ile.

Umwambie Hawa arudishe kitanda mahali pake.

Ornella


Beni, 09/10/2025

Mtoto wangu,

Idi alinipa barua yako na hakufanya mzaha wowote, basi nikajua kabla ya kuifungua.

Nakijua kimya hicho. Nimekaa nacho maisha yangu yote ya ukubwa. Papa yako Fadhili anasema nije kusema na baba mimi mwenyewe. Sitakuja. Sitaki baba aseme nimemchukulia Masika wa kwanza, sasa nimerudi kumchukulia wa pili. Butembo pia kuna shule nzuri. Andikisha jina lako hapo, na likizo utakuja kushika ngazi.

Hawa amekataa kurudisha kitanda. Kichwa kigumu hicho hakukitoa kwangu.

Lakini nimekumbuka jambo moja, nakupa bila kujua litakusaidia nini. Wewe umeuliza mara moja tu. Mimi pia niliuliza mara moja tu. Kile kisanduku ambacho umekisugua hakingekubali hivyo.

Shangazi yako


Butembo, 19/10/2025

Shangazi mpendwa, mpendwa sana,

Nawasalimu wote na siwezi kuandika habari za shamba leo, utanisamehe, nitaziandika mwisho.

Barua yako ilifika siku ya posho, Jumamosi. Siku ya Mungu, kiisha misa, Babu alikuwa ndani ya depo. Nilikwenda kusimama mbele yake. Nilisema yote tena, kutoka mwanzo: shule, Beni, nyumba yako. Akanyamaza tena. Na mimi nikasema, kwa nguvu kupita vile nilivyotaka, juu Papa alitokeza kichwa mlangoni:

“Babu, kunyamaza kwako ni ndiyo ao ni hapana?”

Aliniangalia kama vile mimi ndiye nimesema neno geni.

“Nani amekukataza?” akasema.

“Hakuna mutu. Lakini haukujibu.”

“Kama sikujibu, si njia iko wazi? Nimekuachia njia, mutoto! Tangu siku ile ya viazi. Nilikwenda kuangalia kama mukaratusi utabeba antena, ili ukienda kule tusikilizane. Miye ninangojea ufunge mizigo, ninakuona unalia-lia tu kila siku. Nikasema labda ni tumbo.”

Papa alikaa chini kwenye mfuko wa saruji. Na mimi, Shangazi, sikupanga, lilitoka lenyewe: nilitaja jina lako.

“Na Shangazi Virginie? Naye ulimwachia njia?”

Alikawia sana. Lakini sasa sikuogopa kukawia kwake. Nitakuandikia maneno yake vile alivyoyasema.

“Virginie alijua foni kunipita. Aliuliza vile batu ba foni banauliza. Nilijibu vile batu ba foni banajibu. Kiisha nilitoka, nikaenda kwa mushonaji, juu sikukuwa na koti ya kupokeleya bageni. Nilimwambia: shona haraka, binti yangu anaolewa. Nilikaa pale mpaka jioni, akinipima mikono.” Akashika mkono wa koti lake la bluu. “Ni hii. Bageni hawakufika kwangu. Niliambiwa walipita kwa mjomba yake.”

Papa akasema: “Baba, hata sisi tuliona umekataa.”

“Ningekataa juu ya nini? Mwaka mzima niliwasikia! Kampala walikuwa wanafunga kazi siku ya Mungu. Mbuzi wangu ilikuwa inalia siku ya Mungu. Mulifikiri niko mujinga? Abdias aliniuliza kwenye foni, batu bote banasikia: Lusenge, unauzisha nini na Oicha siku ya Mungu? Nikamwambia: Abdias, nyamaza, acha batoto bapite.”

Walijua, Shangazi. Watu wote wa foni walijua. Ulikuwa umetoka kwenda kunywa maji, ao nini, siku ambayo Abdias aliuliza.

Kisha Babu alinyoosha fimbo kuonyesha kisanduku. Akasema: “Modemu ikipata, inasema nimepata. Ningemwambia ndiyo kwa kinywa. Yeye pia angeuliza tena.” Akanigonga mguu kidogo na fimbo. “Kama uyu.”

Nikamwambia nitakuandikia uje. Akasema hapana, barua si yake, ni yetu wawili. Anataka uulize tena wewe mwenyewe, na safari hii atajibu. Papa na Maliro, jirani yetu mjenzi, wamepandisha waya mpaka kwenye mukaratusi. Papa Fadhili atayarishe foni yake, anaijua njia yetu ya zamani ya hewa. Siku ya Mungu ijayo, kiisha misa. Mimi ndiye nitaita. Babu anasema mikono yake inatetemeka kwenye kifungo, lakini nadhani anasema hivyo ili nifanye mimi.

Maharagi yametoa maua. Mama anakusalimu.

Ornella


Beni, 27/10/2025

Masika mwenzangu,

Ulikuwa upande mmoja wa hewa, nami upande mwingine. Acha nikuandikie vile ilivyokuwa huku, ili uwe nayo yote.

Tangu alipotoka msikitini Ijumaa, Papa yako Fadhili hakufanya kazi nyingine isipokuwa foni. Aliipangusa mpaka Hawa akamuuliza kama inakwenda kuolewa. Jana tulikaa watatu mbele yake. Ilivuma tu. Nilianza kusema: labda antena. Ndipo sauti yako ilipotokea.

“Beni, Beni, hapa Butembo. Beni, munanisikia namna gani?”

Sauti yako ilitetemeka kwenye neno la kwanza tu. Nilisahau kujibu. Hawa alinisukuma. Na kabla sijabonyeza, mtu mwingine akaingia, mwanaume: “Butembo, uyu ni nani? Hapa Ézéchias, kituo cha afya, njia ya Oicha.” Nawe ukamwambia, mtoto huyu ambaye hawezi kusoma jibu ubaoni: “Hapa ni kwa Lusenge. Papa Ézéchias, tunakuomba njia kidogo.” Akasema: “Lusenge wa mbuzi? Oh! Pitisheni, pitisheni!”

Nilibonyeza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema: “Baba, ni Virginie. Ninataka kuja nyumbani.” Kisha, juu sijui namna ingine: “Kuna mutu ana neno?”

Kimya.

Nilijua sasa maana ya kimya kile. Ulikuwa umeniandikia. Lakini moyo hausomi barua haraka. Niliona tena kile kikombe cha chai. Papa yako Fadhili aliweka mkono wake begani pangu.

Kisha kifungo kikalia, na baba akasema, mbele ya watu wote wa hewa:

“Virginie. Hii mara sitanyamaza. Kuja. Kuja na ule kijana wa Oicha. Koti ingali iko.”

Kijana wa Oicha ana ndevu nyeupe, Masika, na alilia mpaka zikalowa zote. Mimi sikuweza kubonyeza kitu. Yule Ézéchias ndiye aliyejibu kwa niaba yangu: “Anakuja, muzee! Anakuja! Hata miye ninakuja!”

Ndipo Fadhili alipofanya lile alilokuwa ametuficha. Alikuwa amehifadhi modemu yake ya Oicha, na kompyuta yake haikuonjwa na panya. Akabonyeza, na mbuzi akalia. Kilio kilekile, sauti ileile, kulia na kunyamaza, kulia na kunyamaza. Huko kwenu hakukuwa na kompyuta ya kumjibu, basi akarudia, na kurudia, na kurudia, mpaka baba akapiga kelele: “Nimepata! Nimepata! Munyamazishe uyo mbuzi!”

Tunafika siku ya posho. Wazee wa Fadhili waliobaki wawili wanataka kuja pia, kuvuka mlango ambao hawakuuvuka. Mwambie mama yako tutakuwa wengi. Nawe funga mizigo yako. Idi atarudi nawe, na kikapu kitafika kizima, nimemtisha.

Virginie


Beni, 16/11/2025

Shangazi mpendwa,

Wasingya, asante kwa barua uliyompa Idi. Sasa ni mimi ninayeandika Beni na wewe ndiye unasoma Butembo, na hata mkono wangu ulikosea, niliandika Butembo hapo juu nikafuta.

Sisi hapa wazima. Papa Fadhili anakula vizuri ingawa Hawa ndiye anapika. Hawa na mimi tunazungumza usiku mpaka anipige mto. Shuleni tuko wasichana watatu. Mwalimu aliuliza nani amewahi kuona modemu ya foni, na hakuna mtu alinyoosha mkono. Nilinyoosha. Akaniita mbele nieleze. Nilieleza, Shangazi. Nilipolia kama mbuzi, walicheka sana, na mimi pia.

Jana nilipanda ngazi mpaka juu ya depo moja ya kakao. Papa Fadhili alishika chini. Kutoka pale unaona njia yote ya kwenda kwenu.

Umeandika kwamba Babu amekubali kwenda kuonana na munganga pamoja na Papa, juu wewe umewaamrisha wote wawili. Kwamba siku ya wazee, nilipokuwa nimekwisha kuondoka na Idi, alivaa lile koti la bluu, vifungo vyote, hata kile cha shingo, na kwamba anakuomba ubaki mpaka Noeli lakini hajasema, anazungukazunguka tu karibu na mizigo yako. Muulize. Akinyamaza, muulize tena. Kisha utuambie siku ya Mungu, kiisha misa, tutakuwa kwenye foni, na Ézéchias pia, maana ameuliza saa.

Barua yako yote, mbele na nyuma, mpaka lile neno ulilolikata na kuliandika upya: nimepata.

Ornella Masika